Mota husingiziwa: kutibu mashine kuukuu ya msasa wa mkanda

Mashine ya msasa ninayoitumia hapa Keko, Dar es Salaam, ilishuka kwenye kontena la mitumba kutoka Uingereza, katikati ya makochi na baiskeli za watoto. Ni ya kusimama chini. Msasa wake una upana wa mm 150 na mzunguko wa mm 1220, ile saizi ambayo wauza vifaa wanaijua kama inchi sita kwa arobaini na nane. Mota ni ya hospawa 1, fezi moja, mizunguko 1440 kwa dakika. Rangi imebaki kwenye miguu tu. Inapiga kazi kila siku isipokuwa Jumapili, na karibu kila ugonjwa nitakaoueleza hapa umeshaipata, wakati mwingine miwili kwa pamoja.

Mashine hizi zikigoma, mota ndiyo husingiziwa kwanza. Kumbe mara nyingi kosa liko kwenye waya unaoleta umeme, kwenye beringi ya bei ndogo, au kwenye uchafu ulioganda juu ya rola. Kwa hiyo nitakwenda dalili kwa dalili, na katika kila dalili nitaanza na kile kisichogharimu kitu.

Tuelewane majina. Nikisema msasa, ni ule mkanda wenye chenga unaosugua mbao. Feni belti ni ule mpira wa umbo la V unaotoa nguvu kwenye mota na kuipeleka kwenye rola. Rola ya nguvu ndiyo yenye puli, lile gurudumu lenye mfereji wa kukaa feni belti. Rola ya mbele ndiyo inayokazwa kwa springi na kulengwa kwa skrubu. Kitanda ni lile bamba la chuma lililo nyuma ya msasa, mahali unapobonyezea kazi. Na kila nitakapoandika "fungua", plagi iwe imechomolewa na unaiona kwa macho yako. Kuzima swichi hakutoshi, maana karakanani kuna watoto wa kazi wengi na kila mmoja ana haraka zake.

Mota inavuma, haizunguki

Hii ndiyo dalili inayowakimbiza watu kwa msukaji wa mota. Nilikimbia na mimi. Kijana wangu alikuja kuniambia, "Mzee, mota imekufa," nikaamini. Nikaibeba, ikasukwa upya koili zote, nikalipa, nikairudisha na kuwasha. Mmmmmm. Sauti ile ile.

Wakati huo tulikuwa tunavuta umeme kutoka mita ya LUKU ya jirani kwa waya wa mita 40, ule mwembamba wa milimita 1.5 za mraba. Hesabu yake si ngumu. Waya wa shaba wa saizi hiyo una ukinzani wa karibu omu 12 kwa kilomita. Mita 40 kwenda na 40 kurudi ni mita 80, yaani karibu omu 1. Mota ya hospawa 1 ikishazunguka huvuta kama ampea 6, lakini pale inapoamka huvuta mara tano ya hapo, tuseme ampea 30. Ampea 30 mara omu 1 ni volti 30 zimepotelea njiani. Ukipima plagi kabla ya kuwasha utaona 230, fundi umeme atakwambia umeme upo, na hasemi uongo. Ukiwasha, mota inapata 200. Nguvu ya kuamkia nayo hushuka kwa mraba wa volti: 200 gawa kwa 230, zidisha jibu kwa lenyewe, unapata 0.76. Robo ya nguvu imeliwa na waya. Nikaweka waya wa 2.5 na kuufupisha hadi mita 15, mota ikaamka kama mtoto aliyeitwa chai. Ile hela ya kusuka haikurudi.

Kwa hiyo pima volti kwenye vichwa vya waya vya mota wakati ule ule inapohangaika kuamka. Volti zikishuka sana, tafuta waya, plagi iliyoungua mdomo, au swichi iliyochakaa, kabla hujafungua kitu kingine.

Volti zikiwa nzuri, vua feni belti uwashe mota peke yake. Ikizunguka vizuri, mota ni nzima. Mzigo ndio mgumu. Zungusha rola kwa mkono: beringi imeshika, au msasa umekazwa kupita kiasi. Ikivuma hata ikiwa peke yake, kwa mota ya fezi moja shuku kapasita, kile kikopo kinachotunza chaji ya kuamshia mota, na ile swichi ndogo iliyo ndani, inayofunguka yenyewe mota ikishika kasi. Kipimo cha zamani ni hiki: washa, papo hapo sukuma puli kwa kijiti, kisha angalia. Ikishika kasi kuelekea upande wowote uliosukuma, njia ya kuamshia ndiyo iliyokufa. Usiiache ikivuma zaidi ya sekunde mbili tatu, maana koili inachemka, na kidole usikisogeze kabisa.

Kapasita iliyovimba, kuvuja au kutoa harufu haina mjadala, badilisha. Iliyo nzima kwa macho ipime. Lakini kabla ya kuigusa imalize chaji kwa kugusisha nyaya za balbu ya zamani ya waya kwenye ncha zake mbili, kwa sababu hukaa na chaji hata mashine ikiwa imechomolewa. Mpya iwe na maikrofaradi zile zile, na volti zile zile au zaidi. Muuzaji akikwambia "hii inakaribiana", mrudishie.

Ile swichi ya ndani inaongea, ukiisikiliza. Mota nzima ikiamka inapiga "tak" moja inapokaribia kasi yake. Ukizima, ikipungua mwendo, inapiga "tak" nyingine inaporudi. Usiposikia ya pili, swichi imenasa ikiwa wazi, na kesho asubuhi mota itavuma. Usiposikia ya kwanza na mota inanguruma na kupata moto haraka, imenasa ikiwa imefunga. Zima mara moja kabla moshi haujatoka. Kinachonasa hapo huwa ni unga wa mbao uliochanganyika na grisi ya zamani. Fungua kifuniko cha nyuma, puliza kwa kompresa, futa, safisha midomo ya swichi kwa msasa laini. Dakika ishirini, bure.

Wenye mashine za fezi tatu, kama zile kubwa zilizotoka kwenye viwanda vya zamani, wana dalili yao ya kufanana: fezi moja ikikosekana mota huvuma hivyo hivyo bila kuamka. Pima fezi zote tatu kwenye fyuzi. Na ikizunguka kinyume baada ya kuhamishwa, badilisha nafasi ya nyaya mbili zozote kati ya tatu.

Msasa unahama pembeni

Unawasha, msasa unatembea taratibu kwenda kushoto, unakula ukingo wa chuma, unachanika nyuzi. Mkono wa kila mtu huenda kwenye skrubu ya kulenga. Iache kwanza. Skrubu ile kazi yake ni kosa dogo la mwisho. Ukiitumia kuficha kosa kubwa, mchana msasa utakaa na jioni utahama tena.

Anza na msasa wenyewe. Uvue, uugeuze ukingo wa kushoto ukae kulia, uurudishe, uwashe kidogo. Kama sasa unahamia upande wa pili, msasa ndio mbovu: ukingo mmoja ni mrefu kuliko mwingine. Hata bila mashine unaweza kuujua. Funga bomba moja mlalo, uning'inize msasa juu yake, kisha pitisha bomba jingine ndani, chini. La chini likilala mshazari, msasa huo haujakatwa sawa. Ninayo ya namna hiyo miwili, kila mmoja nimeukata vipande vya kusugulia kwa mkono.

Kama umeendelea kuhamia upande ule ule, geukia rola. Zipapase kwa kidole kutoka ukingo hadi ukingo. Unga wa mbao na utomvu huganda upande mmoja na kujenga kichuguu chembamba kama ngozi ya yai, na hicho kinatosha. Msasa hukimbilia mahali rola ilipo nene. Ndiyo maana rola nzuri hutengenezwa na tumbo katikati, ili msasa ujirudishe kati wenyewe. Kwangua kwa kijiti cha mbao ngumu, futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, acha ikauke kabisa. Usikwangue kwa bisibisi. Makovu ya bisibisi ndiyo yanayokaribisha kichuguu kinachofuata.

Kuna dalili moja ndogo inayokupa jibu mara moja: msasa unakaa sawa ukiwa mtupu, ila ukibonyeza mbao unahama. Hiyo ni mlegeo. Shika mwisho wa rola ya mbele, tikisa juu na chini. Ukisikia hata kamchezo kadogo, beringi imekwisha, au pini ya mkono unaobeba rola imekula tundu lake. Skrubu ya kulenga haiwezi kukusaidia hapo, kwa sababu rola inabadili mwelekeo kila unapobonyeza.

Halafu usambamba. Kata kijiti kinachoenea sawasawa kati ya shafti mbili upande wa kushoto, kipeleke kulia. Kikilegea au kikikwama, rola zimepishana. Na hapa watu huchanganyikiwa: rola zisipokuwa sambamba, msasa huelekea upande uliolegea, yaani pale shafti zilipokaribiana, ingawa akili inakwambia utakimbilia ulikokazwa. Ukishika hilo hutazungusha skrubu kinyume.

Tumbo la rola likiwa limelika, utaliona kwa kuweka rula juu yake: rula inakaa bapa, au mbaya zaidi, mwanga unapita katikati. Mkerezaji wa mtaa wa Gerezani, hapa Dar, anaweza kukurudishia. Mwombe katikati pazidi kingo kwa kama milimita 1 ya kipenyo, asizidishe, la sivyo msasa utakatika katikati. Kama kazi ya mteja inasubiri, zungusha tepu ya karatasi ile ya wapaka rangi: mzunguko wa kwanza wa upana wa kama nusu ya rola, wa pili mwembamba juu yake, wa tatu mwembamba zaidi. Nilikusudia itumike wiki moja, ikakaa miezi mitatu. Tepu ya umeme usiitumie, joto huilainisha ikatambaa.

Ukishamaliza yote hayo ndipo uguse skrubu. Zungusha robo tu, kisha subiri ukihesabu hadi kumi. Msasa wa saizi hii huzunguka kama mara sita kwa sekunde, kwa hiyo katika hesabu hiyo umeshapita mara sitini na umeshakuonyesha nia yake.

Mlio: hesabu kabla ya kufungua

Namba hizo zina faida nyingine. Rola ya kipenyo cha mm 100 inayozunguka mara 1440 kwa dakika inausukuma msasa karibu mita 7.5 kwa sekunde. Msasa wa mm 1220 unapita basi mara sita kwa sekunde, na rola yenyewe inazunguka mara 24 kwa sekunde. Sikio la mtu linaweza kufuata sita. Ishirini na nne linasikia kama mngurumo.

Kwa hiyo ukisikia tap-tap-tap ambayo unaweza kuipigia mguu kama ngoma, ni kiungo cha msasa kinachogonga kitanda. Angalia mshale ulio nyuma ya msasa: misasa yenye kiungo cha kulaliana ina upande mmoja tu wa kwenda, na ikiwekwa kinyume kiungo hujikwaa na kufumuka. Isiyo na mshale unaweza kuiweka vyovyote. Pengine ni ukingo wa kitanda wenye kona kali. Upige tupa kidogo uwe mviringo.

Ukisikia mngurumo, ni kitu kinachozunguka na rola au mota. Vua feni belti, washa mota peke yake. Mngurumo ukiisha, uko kwenye rola. Ukibaki, uko kwenye mota. Kisha zungusha kwa mkono ukiwa umeweka sikio kwenye mpini wa bisibisi ndefu na ncha yake kwenye nyumba ya beringi. Beringi nzima inapita kimya. Iliyokwisha inatafuna mchanga.

Ukibadilisha, soma namba iliyoandikwa ubavuni. Mashine nyingi za kiasi hiki zina 6203 (tundu mm 17, nje mm 40) au 6204 (mm 20 na mm 47). Herufi zinazofuata namba zina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani: ZZ ina vifuniko vya bati, na unga laini wa mbao unajipenyeza; 2RS ina mpira pande zote mbili. Kwa mashine ya vumbi chukua 2RS hata kama muuzaji wa Kariakoo anakusukumia nyingine. Kuiingiza, ugonge pete ya ndani unapoipandisha kwenye shafti, na pete ya nje unapoiingiza kwenye nyumba yake. Ukigonga pete isiyohusika, gololi zinapigwa alama na mlio unarudi kabla ya mwezi kuisha. Mimi huweka shafti kwenye friza ya mama muuza barafu wa jirani usiku mzima. Asubuhi beringi inateleza bila nyundo. Analalamika, lakini anakubali.

Shafti ikiwa imekula na beringi inaingia kwa kidole, wengi huipiga alama za senta panchi kuinua chuma. Hiyo haidumu. Ijazwe kwa kuchomelea kisha ikerezwe.

Inalegea ukibonyeza

Sikiliza nani anayesimama. Mota ikipungua mwendo pamoja na msasa, rudi kwenye habari ya waya na volti. Mota ikiendelea kwa kasi yake huku feni belti inalia na kunuka mpira, kaza feni belti au ibadilishe. Feni belti iliyochakaa hukaa chini kabisa ya mfereji wa puli. Ikigusa chini inateleza, kwa kuwa kazi yake ni kubana kwenye kuta. Saizi ya kawaida hapa ni A, upana wa juu mm 13. Angalia pia ile skrubu ndogo inayobana puli kwenye shafti, hujifungua kimyakimya.

Rola ikizunguka na msasa ukasimama, kuna mambo mawili. Springi ya kukazia imechoka, au mpira uliovishwa rola ya nguvu umekuwa laini na kung'aa kama kioo. Ung'ae ule uondoe kwa msasa namba 60 (namba ikiwa ndogo, chenga ni kubwa) uliokunjwa kwenye ubao. Mpira ukiwa umekufa kabisa, mpira wa ndani wa tairi la pikipiki, ukikatwa kipande kisicho na kiungo na kugundishwa vizuri, hufanya kazi. Kumbuka tu unaongeza unene, na kama hukuugundisha sawasawa umejitengenezea tatizo la msasa kuhama.

Kukaza springi hadi mwisho si dawa. Beringi ndizo zitakazolipa.

Inachoma mbao, inaacha mabonde

Alama nyeusi kwenye mninga mara nyingi ni msasa uliokwisha makali na mtu anayelazimisha. Chenga zikishakuwa butu zinasugua tu, na msuguano ni moto. Namba 120 haiondoi alama za msumeno. Anza 60, nenda 80, kisha 120. Kuruka hatua ni kujichosha na kuuchosha umeme.

Paini ya Mafinga ni habari nyingine. Msasa haujawa butu, umezibwa na utomvu, na kwa juu unaona mistari inayong'aa. Chukua soli ya kiatu ya raba mbichi, ile ya rangi ya asali, uisukume taratibu kwenye msasa unaozunguka. Inabeba utomvu na unga pamoja. Msasa mmoja unaweza kuufufua hivyo mara nyingi. Msaji nao una mafuta yake, na hutibiwa hivyo hivyo.

Kama ubao unatoka na bonde katikati au kingo zimeviringika, kitazame kitanda. Vua msasa, weka rula juu ya chuma, mulika tochi nyuma. Kitanda changu kilikuwa kimelika karibu milimita 1 katikati, kwa sababu kila mtu anapenda kusugua hapo hapo katikati. Nilifunga juu yake bamba la chuma la mm 3, skrubu za kichwa kinachozama, na ukingo wa kuingilia nikaukunja chini ili kiungo cha msasa kisijikwae. Kisha nikarudisha meza kwenye pembe mraba, maana kitanda kikipanda milimita tatu, meza inakuwa imepitwa. Unaweza pia kugundisha juu yake kitambaa cha grafaiti kinachopunguza joto, ukikipata. Mimi sijawahi kukikuta dukani, nimekaa na chuma kitupu na sijutii.

Msasa unakatika kabla ya kuchakaa

Dar es Salaam ina unyevu, na unyevu hauvipendi viungo vya gundi wala kitambaa cha nyuma. Msasa uliotundikwa kwenye msumari chini ya bati kwa mwaka mzima hupata mkunjo pale pale kwenye msumari, na hapo ndipo utakatikia. Itundike kwenye kipande cha bomba nene la plastiki, mbali na ukuta na joto la bati. Kabla ya kuufunga, upinde kiungo kidogo: kikilia na kufunguka ukingo, usiuwashe. Msasa unaokatika kwa mita 7.5 kwa sekunde unapiga kama kiboko.

Kuhusu misasa inayounganishwa mtaani kutoka kwenye roli kubwa: inawezekana, ila gundi ndiyo siri. Gundi ya viatu hulainika kwa joto, na ile inayoshika papo hapo hukauka kama kioo na kuvunjika inapopinda kwenye rola. Mwenye kuunganisha vizuri hukata mshazari, hukwangua chenga pale panapolaliana, na hutumia gundi inayobaki na unyumbufu. Muulize anatumia nini kabla hujamlipa. Na urefu usiukisie. Rola zikiwa sawa kwa kipenyo, chukua umbali wa shafti hadi shafti mara mbili, ongeza kipenyo mara 3.14. Changu: 453 mara mbili ni 906, jumlisha 314, jibu 1220. Pima skrubu ya kukazia ikiwa katikati ya safari yake.

Mashine ya Marekani kwenye umeme wetu

Jirani yangu alinunua ya volti 115, akaiwekea transfoma, akashangaa inatembea kichovu na mota inachemka. Transfoma hubadilisha volti, haigusi hezi, yaani idadi ya mawimbi ya umeme kwa sekunde. Mota iliyoundwa kwa hezi 60 na mizunguko 1725, kwenye hezi 50 itazunguka kama 1435, yaani moja ya sita ya kasi imepotea. Na kwa hezi 50 mota hiyo ilistahili kupewa kama volti 96. Ukiilisha 110 au 115 inabeba sumaku kupita uwezo wake, joto linapanda. Kuizungushia feni ni kuahirisha. Dawa ni kuifungia mota ya hapa, ya volti 230, na kubadili puli ya mota kutoka mm 75 kwenda mm 90 ili kasi ya rola irudi ilipokuwa.

Vumbi, moto, na swichi

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1995. Nalitaja kwa sababu barakoa ya kitambaa tuliyozoea haizuii unga laini wa namba 120. Nilitengeneza mdomo wa bati chini ya rola ya nguvu, pale msasa unapogeuka na kurusha vumbi, nikaunganisha bomba na feni ya kunyonya hadi kwenye pipa lenye kifuniko. Haivuti lote. Lakini jioni tukikohoa, tunakohoa kidogo, na beringi pia zinaishi zaidi.

Ukishaweka pipa hilo, usinolee patasi wala kisu kwenye mashine hiyo. Cheche ya chuma inaingia kwenye pipa la unga wa mbao, inalala pale bila moshi, na inaamka usiku mlango umefungwa. Kama lazima unoe, ondoa bomba, mwaga pipa nje, safisha, kisha noa ukiwa na ndoo ya maji karibu. Mimi nimenunua jiwe la kunolea na kuliweka kona nyingine.

Swichi nayo nimeibadilisha. Ya zamani ilikuwa ya kupandisha na kushusha: umeme ukikatika ukasahau kuizima, ukirudi mashine inaamka yenyewe huku mtu ameinama anabadilisha msasa. Niliweka ile yenye vitufe viwili, kijani na chekundu, inayojiachia umeme ukikatika na kukataa kuwaka mpaka ubonyeze tena. Ukiinunua, hakikisha inabeba ampea za mota yako, kisha ijaribu hivi: washa, chomoa plagi, irudishe. Mashine ikiamka, umeuziwa swichi ya kawaida yenye sura nzuri.

Glavu hazivaliwi kwenye mashine hii, mikono mirefu inakunjwa. Pengo kati ya meza na msasa liwe milimita 2, na kila unapoweka msasa wa namba nyingine lipime tena, maana unene wake haufanani.